Kampuni za Teknolojia Zinasaidia Wapi Mazingira ya Miji, na Zinayalemea Wapi

Miji ndiyo chanzo cha takriban asilimia 70 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na kwa sababu hiyo kampuni za teknolojia zimeifanya kuwa uwanja wao mkuu kila zinapozungumzia mazingira. IBM ilianza kuinadi dhana ya miji inayoendeshwa kwa takwimu mwishoni mwa mwaka 2008. Miaka miwili baadaye, baada ya mafuriko na maporomoko ya udongo ya Aprili 2010 kuua watu wengi Rio de Janeiro, ililisaidia jiji hilo kujenga kituo kimoja cha kufuatilia mvua, barabara na dharura. Google, Microsoft, Cisco, Huawei na kampuni nyingi changa zimefuata njia hiyo. Wakazi wa miji wanaahidiwa foleni fupi, hewa safi, taka zinazozolewa kwa wakati na umeme usiopotea. Baadhi ya ahadi hizo zimetimia, na nyingine zimetimia kwa namna inayoficha gharama iliyohamishiwa mahali pengine.

Mada hii huwa ngumu kueleweka kwa sababu kampuni moja inaweza kukutana na jiji kwa sura zaidi ya moja. Inaweza kuja kama muuzaji wa vipimo na programu, kisha kama mtoa huduma anayebadilisha namna watu wanavyosafiri, kisha kama mtumiaji mkubwa wa umeme, maji na ardhi ya jiji lile lile. Taarifa zake kwa umma kwa kawaida hueleza sura ya kwanza. Kwa maoni yangu, swali linalofaa kuulizwa kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kuamua pale ambapo manufaa ya kampuni na manufaa ya mazingira ya jiji yanapoachana.

Mfano wa Google unaonyesha jambo hilo vizuri. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza mradi wa Green Light, ambao hutumia akili mnemba na takwimu za safari za watumiaji wa Google Maps kupendekeza namna bora ya kupanga muda wa taa za barabarani. Kwa makadirio ya awali ya kampuni yenyewe, mradi huo unaweza kupunguza kusimama kwa magari hadi asilimia 30, na gesi zinazotolewa kwenye makutano hadi asilimia 10. Miji kama Hamburg, Rio de Janeiro, Kolkata na Jakarta imeshiriki bila kulazimika kununua mitambo mipya. Katika ripoti yake ya mazingira ya mwaka 2024, Google hiyo hiyo ilieleza kwamba gesi joto ilizozalisha zilikuwa zimepanda kwa asilimia 48 ikilinganishwa na mwaka 2019, sababu kubwa zikiwa umeme wa vituo vya data na shughuli za wale wanaoiuzia vifaa. Taarifa hizo mbili hazipingani, lakini anayesoma ya kwanza bila ya pili atakuwa amepewa nusu ya hesabu.

Kupima hewa, na kinachofuata baada ya kupima

Mchango ulio wazi zaidi wa teknolojia katika mazingira ya miji ni kuvifanya vionekane vitu ambavyo macho hayavioni. Chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwongozo cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mtambo rasmi wa kupima chembechembe hizo ni ghali sana, na kwa miaka mingi miji mingi ya Afrika haikuwa na hata mmoja.

Pengo hilo ndilo lililowasukuma watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kuanzisha mradi wa AirQo mwaka 2015 chini ya uongozi wa Engineer Bainomugisha, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta. Walitengeneza vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi, joto na kukatika kwa umeme, vinavyotuma takwimu kupitia mtandao wa simu, na ambavyo vinaweza kufungwa kwenye jengo au hata kwenye bodaboda. Vipima vya bei nafuu hukosea, hasa hewa inapokuwa na unyevu mwingi, kwa hiyo vipimo vyake hulinganishwa na vya mitambo rasmi na kusahihishwa kwa programu inayojifunza kutokana na tofauti hizo. Google, kupitia mfuko wake wa misaada, ilianza kuuchangia mradi huo mwaka 2019, na vipima vya Makerere sasa viko katika miji mingine kadhaa ya bara hili. Nauona mradi huu kuwa miongoni mwa mifano bora ya ushirikiano wa aina hii, kwa sababu ujuzi, vifaa na takwimu vilizaliwa na kubaki chuoni Kampala, na kampuni ya kigeni ikabaki kuwa mchangiaji.

Hata hivyo, kipima hewa hakisafishi hewa. Kampala inajua uchafu wake unatoka kwenye magari ya zamani, vumbi la barabara zisizo na lami, taka zinazochomwa mitaani na moshi wa kuni na mkaa majikoni. Kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji kushughulikiwa kwa njia yake, na zote zinapitia kwenye ofisi ya umma: ukaguzi wa magari, bajeti ya lami, uzoaji wa taka, bei ya gesi ya kupikia. Mwaka 2024 Uganda ilitoa kanuni za kitaifa za viwango vya ubora wa hewa, na thamani kubwa ya takwimu zilizokusanywa kwa miaka yote hiyo iko hapo, kwani msimamizi wa sheria sasa ana kipimo cha kulinganisha na kiwango kilichoandikwa.

Lipo pia funzo kuhusu utegemezi. Kwa miaka kadhaa, balozi za Marekani katika miji mingi, Kampala ikiwemo, zilikuwa na mitambo rasmi ya kupima hewa ambayo takwimu zake zilitolewa bure kwa umma, na katika baadhi ya nchi hicho ndicho kilikuwa kipimo pekee cha kuaminika. Machi 2025 serikali ya Marekani iliacha kutangaza takwimu hizo. Mji uliokuwa umejenga mtandao wake uliendelea kujua hali ya hewa yake, na uliokuwa ukitegemea ule wa ubalozi ukarudi gizani. Jambo hilo hilo linaweza kutokea kampuni inapobadili biashara yake au kufunga huduma isiyoleta faida.

Dar es Salaam ilifuata njia nyingine yenye manufaa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa inayofurika kuchora mifereji, nyumba na njia za maji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Ndege zisizo na rubani zilisaidia kupiga picha kutoka juu, lakini alama ya mafuriko yalipofika ukutani ilitoka kwa mkazi wa Tandale au bonde la Msimbazi aliyeyaona maji yakiingia ndani mwake.

Usafiri: programu ile ile, matokeo mawili

Katika usafiri, matokeo ya teknolojia hutegemea sana kile ambacho huduma mpya inakiondoa barabarani. Huduma za kuita gari kwa simu zilipoanza Marekani, zilitangazwa kuwa zingewafanya watu waache magari yao nyumbani na hivyo kupunguza foleni. San Francisco, jiji zilikozaliwa Uber na Lyft, lilipochunguzwa na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2019, ilionekana kwamba muda unaopotea kwenye foleni uliongezeka kwa asilimia 62 kati ya mwaka 2010 na 2016. Kwa hesabu zao, ungeongezeka kwa asilimia 22 tu kama huduma hizo zisingekuwepo. Mwaka uliofuata, muungano wa wanasayansi wa Marekani ulikadiria kwamba safari ya gari la kuitwa kwa simu hutoa, kwa wastani, gesi joto zaidi kwa asilimia 69 kuliko safari ambayo imechukua nafasi yake. Sababu mbili zinaeleza tofauti hiyo: dereva hutembea kilomita nyingi akiwa hana abiria, na abiria wengi wangepanda basi, wangepanda baiskeli, wangetembea kwa miguu au wasingesafiri kabisa. Programu iliyomwondolea abiria usumbufu iliuhamishia usumbufu huo kwenye hewa na barabara ya wote.

Nairobi na Kigali zinaonyesha upande wa pili. Kikwazo kikuu cha basi la umeme ni bei ya kununulia, kwa sababu betri peke yake ni sehemu kubwa ya gharama, ingawa kuliendesha ni nafuu kuliko basi la dizeli. Mwenye matatu anayeishi kwa makusanyo ya kila siku hawezi kulipa leo akiba atakayoipata kwa miaka kumi. BasiGo, kampuni iliyoanza majaribio yake Nairobi mwaka 2022, ilikabili tatizo hilo kwa kuitenganisha betri na basi: mwenye gari hulipa bei inayokaribia ile ya basi la dizeli, kisha hulipa kwa kila kilomita kiasi kinachojumuisha matumizi ya betri, kuchaji na matengenezo. Kigali, Ampersand ilifanya kitu kinachofanana na hicho kwa pikipiki. Dereva hamiliki betri. Huingia kituoni, huacha iliyoisha, huchukua iliyojaa na kulipia nishati aliyotumia. Bila malipo ya simu na bila vifaa vinavyotuma taarifa za kila betri mahali ilipo, mpangilio huu usingewezekana.

Kampuni hizo, pamoja na ubunifu wao, zinasimama juu ya maamuzi ya serikali. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, na hali hiyo ni zao la miongo kadhaa ya uwekezaji wa umma, hasa katika visima vya jotoardhi vya Olkaria. Basi la umeme likiletwa katika mji unaopata umeme wake kutoka kwenye makaa ya mawe, moshi unaondoka barabarani na sehemu yake kubwa huibukia kwenye mtambo wa kuzalisha umeme. Mwaka 2023 Kenya ilipitisha bei maalumu ya umeme kwa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi katika saa ambazo matumizi ni madogo, na kwa hiyo kuchaji usiku kukawa na maana kibiashara. Rwanda ilikwenda mbali zaidi kwa kuamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali lazima ziwe za umeme. Mwekezaji wa kituo cha kubadilishia betri sasa anajua soko lipo, kwa sababu sheria imelihakikisha.

Inafaa kukumbuka pia kwamba hatua kubwa zaidi ya usafiri Dar es Salaam katika miaka ya karibuni haikutokana na programu yoyote. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kati ya Kimara na Kivukoni mwezi Mei 2016 yalipata kasi yake kutokana na uamuzi wa kuchukua sehemu ya barabara ya Morogoro na kuwapa abiria wa basi peke yao. Kadi na mageti ya kielektroniki husaidia, lakini basi lililokwama kwenye foleni pamoja na magari mengine haliokolewi na kadi, na abiria wa mwendokasi anayesubiri kituoni kwa muda mrefu anajua kwamba kinachokosekana ni mabasi ya kutosha.

Umeme wa maghala ya kompyuta

Takwimu za vipima hewa, malipo ya kila kilomita, mapendekezo ya taa za barabarani na majibu ya akili mnemba, vyote huhifadhiwa na kuchakatwa kwenye vituo vya data, yaani maghala yaliyojaa kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana na kupozwa muda wote. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati, vituo hivyo vilitumia karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024. Kidunia asilimia hiyo inaonekana ndogo. Tatizo ni kwamba vituo hujikusanya mahali pamoja, karibu na nyaya kuu za mawasiliano na wateja, na mahali hapo mara nyingi ni pembezoni mwa jiji fulani.

Dublin ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Kodi nafuu na hali ya hewa ya baridi viliivuta karibu kila kampuni kubwa ya teknolojia kwenda Ayalandi. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme uliopimwa nchini humo, na kufikia mwaka 2023 vilitumia asilimia 21, kiasi kilichozidi matumizi ya nyumba zote za mijini. Msimamizi wa gridi ya umeme alilazimika kusitisha kwa vitendo maunganisho mapya ya vituo vikubwa katika eneo la Dublin. Amsterdam ilisimamisha vibali kwa mwaka mmoja mwaka 2019. Singapore nayo ilisimamisha vituo vipya mwaka huo, na ilipofungua tena mlango mwaka 2022 iliweka masharti ya ufanisi wa nishati. Hakuna hata jiji moja kati ya hayo lililokuwa na uadui na teknolojia. Yote yaligundua kwamba kibali cha ujenzi kilichotolewa na ofisi ya mipango miji kilikuwa pia uamuzi kuhusu umeme wa nchi nzima.

Kampuni hujibu kwamba umeme wao wote ni safi, na hapa ufafanuzi unahitajika, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kumaanisha mambo mawili tofauti. Kwa kawaida kampuni hujumlisha umeme wote iliotumia kwa mwaka, kisha hununua kiasi kile kile cha umeme wa upepo au jua kutoka mahali popote na wakati wowote. Google imefanya hivyo tangu mwaka 2017. Lakini kituo cha data hufanya kazi saa nane usiku wakati hakuna upepo wala jua, na saa hiyo gridi ya jiji huwasha mtambo wa gesi. Umeme wa jua uliozalishwa adhuhuri katika nchi nyingine hauondoi moshi wa mtambo ule. Google yenyewe imekubali hoja hiyo, na mwaka 2020 ilijiwekea lengo la kulinganisha matumizi na umeme safi saa kwa saa kwenye gridi ile ile ifikapo mwaka 2030. Microsoft, iliyoahidi mwaka 2020 kwamba ifikapo 2030 itakuwa ikiondoa kaboni nyingi kuliko inayozalisha, ilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba kaboni yake ilikuwa imepanda kwa karibu asilimia 29 tangu mwaka huo wa ahadi.

Palipo na masharti, hata mzigo huu unaweza kutoa faida. Tallaght, kusini-magharibi mwa Dublin, joto linalotoka kwenye kituo cha data cha Amazon limekuwa likipasha majengo ya umma na ya chuo kikuu tangu mwaka 2023 kupitia mtandao wa mabomba uliosimamiwa na halmashauri. Hapa Afrika Mashariki, ambako hakuna anayehitaji kupashwa joto, mfano huo hauhamishiki, na hoja yetu inabaki kuwa umeme na maji. Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya akili mnemba ya Abu Dhabi, zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria kitakachotumia jotoardhi. Jotoardhi huzalisha usiku na mchana, kwa hiyo ile kasoro ya hesabu za mwaka haipo. Swali linalobaki ni kama umeme huo utatoka kwenye visima vipya au utachukuliwa kutoka kwenye vile ambavyo tayari vinawasha Nairobi. Ukichukuliwa kutoka vya zamani, kituo kitakuwa safi kwenye karatasi zake na gridi ya wengine itachafuka kuziba pengo.

Nani anaamua

Oktoba 2017, Sidewalk Labs, kampuni tanzu ya Alphabet, ambayo ndiyo inayomiliki pia Google, ilitangaza kwamba ingeshirikiana na Waterfront Toronto, chombo cha umma cha serikali tatu (ya Kanada, ya jimbo na ya jiji), kujenga upya eneo la Quayside lenye ekari 12. Mipango ya mazingira ilikuwa mizuri kwa dhati: majengo marefu ya mbao, mfumo wa pamoja wa joto, taka zinazosafirishwa chini ya ardhi. Pamoja nayo vilikuja vihisi, yaani vifaa vya kukusanya takwimu za kila kinachotokea mitaani. Oktoba 2018 Ann Cavoukian, aliyewahi kuwa kamishna wa faragha wa jimbo la Ontario na aliyekuwa mshauri wa mradi, alijiuzulu baada ya kuona kwamba washirika wengine wangeweza kukusanya takwimu zinazomtambulisha mtu. Juni 2019 kampuni ilitoa mpango uliolenga eneo kubwa mno kuliko ekari zile 12, na wakazi wakazidi kuhoji nani hasa anapanga jiji lao. Mei 2020 Sidewalk Labs ilijiondoa, ikitaja hali ya uchumi iliyoletwa na janga la korona.

Kilichofuata hakisimuliwi mara nyingi. Mwaka 2022 Waterfront Toronto ilichagua waendelezaji wengine, na mpango wao mpya ukaendelea kulenga majengo yanayotumia umeme pekee bila kaboni. Malengo ya mazingira hayakuhitaji vile vihisi, na miaka miwili na nusu ya mabishano ilitokana na vitu viwili vilivyofungwa pamoja bila lazima. Barcelona ilikuwa imechagua njia nyingine mapema: ilijenga jukwaa lake la takwimu za vihisi, Sentilo, kwa programu huria, na chini ya Francesca Bria, aliyesimamia teknolojia ya jiji kuanzia mwaka 2016, ikaanza kuweka kwenye mikataba sharti kwamba takwimu zinazokusanywa na mzabuni wakati wa kutoa huduma ya umma ni mali ya umma. Kampuni zinaendelea kufanya biashara Barcelona.

Miji ya Afrika Mashariki inayoandaa mikataba kama hiyo ina jambo jingine la kuandika, nalo ni mwisho wa maisha ya vifaa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kila kihisi, taa yenye kompyuta na betri ya pikipiki itafika huko. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inamtaka mzalishaji abebe jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika, na Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka hizi wilayani Bugesera. Mfumo wa kukodisha betri unasaidia hapa kwa namna ambayo haikukusudiwa: simu iliyokufa humwachia mnunuzi wa mwisho mzigo, lakini betri ambayo dereva hakuwahi kuimiliki hurudi yenyewe kwenye kituo cha kampuni, na halmashauri inayotoa leseni ya kituo hicho inajua jina la kuandika kwenye sharti la kuichakata, na kiasi cha dhamana ya kudai kabla ya betri ya kwanza kuingia mjini.